Lenzi ya babu: mwalimu mzuri, mfanyakazi mbaya

Najua nimepotea. Wiki tatu bila neno, na wengine mmeshaanza kunitania pale kafeteria kwamba nimefunga duka. Sijafunga jamani. Ni testi mfululizo, kazi za vikundi ambazo kikundi chenyewe ni mimi na mwenzangu mmoja tu, na kompyuta yangu ambayo feni yake imeanza kulia kama bajaji inayopanda Mlimani. Leo umeme upo na sina deni la asainimenti mpaka kesho kutwa, basi ngoja niseme lililonikaa rohoni.

Alhamisi nilikuwa nimekaa nje ya Yombo nasubiri lekcha. Akanijia binti mmoja wa mwaka wa kwanza, mpole, daftari kifuani. "Dada samahani, wewe ndiye yule wa kamera yenye lenzi ya zamani?" Nikamwambia ndiye mimi, karibu ukae. Kumbe ameona picha zangu, amezipenda, na ameshapata mtu mtandaoni anayeuza lenzi ya Kirusi. Anasubiri bumu tu litoke. Akanionyesha bei kwenye simu. Kha! Wadau, bei ile ni chakula cha mwezi mzima, na bado unabaki na nauli ya daladala.

Nikamwambia, mdogo wangu, usinunue. Akanitazama kama mtu aliyenyimwa maji. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa na lenzi hiyo hiyo mkobani muda ule ule namwambia asiinunue. Nadhani aliondoka akiamini nina wivu. Tangu siku hiyo nimekosa raha, maana nilimpa jibu bila sababu, na jibu bila sababu ni dhambi kwa mtu anayesomea ualimu. Sababu ndizo hizi. Dada, kama unapita hapa, hii ni yako.

Msimamo wangu nausema mapema ili anayetaka kunipinga ajipange. Lenzi ya zamani ya mkono kwenye kamera ya dijitali ni mwalimu bora kuliko wote niliowahi kupata nje ya darasa. Kama ipo nyumbani kwenu, itunze. Lakini usiinunue kwa hela ya kula, na usiipeleke kwenye kazi ya watu. Hayo yote nimeyajua kwa kuumia.

Tuanze na yangu ilikotoka. Babu yangu mzaa mama alikwenda Urusi ya Kisovieti kusomea uhandisi miaka ile ya sitini, kama vijana wengi wa Kitanzania wa wakati wake. Alirudi Tanga na cheti, koti zito ambalo hakuwahi kulivaa tena, na kamera aina ya Zorki-4 yenye lenzi ya Jupiter-8. Namba ya lenzi inaanza na 68. Kiwanda kilichoitengeneza, kule Krasnogorsk karibu na Moscow, kilikuwa na desturi ya kuanza namba na mwaka, kwa hiyo lenzi hii ni ya 1968. Imemzidi mama yangu umri.

Babu alifariki nikiwa darasa la tano. Kamera ikabaki kabatini kwa bibi, ndani ya mfuko wake wa ngozi, pamoja na hati ya kiwanja na kadi za kliniki za wajukuu. Mimi nilipofika mwaka wa pili nikanunua kamera ya mkononi mwa mtu, Sony A6000, ile iliyotoka 2014. Mwenyewe alikuwa anauza bodi tu, bila lenzi. Nikasema nichukue, lenzi itajulikana. Ikakaa miezi miwili kama redio isiyo na betri. Likizo nikaenda Tanga, nikafungua kabati... na hadithi ikaanzia hapo.

Kwa wasiojua haya mambo, kamera kama ya babu huitwa renjifainda. Hutazami kupitia lenzi. Unatazama kwenye kidirisha cha pembeni, na ndani yake unaona kitu kimoja mara mbili, kama mtu aliyeamka na malaria. Picha moja inatoka dirisha la kushoto, nyingine la kulia. Ukizungusha pete ya lenzi zile picha mbili zinakaribiana, na zikilaliana kabisa basi fokasi imekaa. Ni pembetatu tu ya hesabu za sekondari. Mjerumani Oskar Barnack wa kiwanda cha Leitz, mjini Wetzlar, ndiye aliyebuni Leica, kamera ndogo ya filamu ya sinema iliyozinduliwa kwenye maonyesho ya Leipzig mwaka 1925. Mwaka 1932 ikaja Leica II, yenye kipima umbali kilichounganishwa na lenzi. Lenzi zake zilikuwa za kufunga kwa hesi, kama mfuniko wa chupa, upana milimita 39. Hesi ya lenzi ya babu ni hiyo hiyo.

Hapa wenzangu wa kitivo cha elimu naomba masikio. Hesi ya Kijerumani ilifikaje kwenye kamera ya Kirusi? Jibu linapitia shuleni. Mwaka 1927 kule Kharkiv, Ukraine, ilianzishwa kambi ya watoto wa mitaani, mayatima wa vita na njaa, na aliyepewa kuiongoza ni mwalimu Anton Makarenko. Ndiyo, yule yule wa vitabu vya malezi. Falsafa yake ilikuwa kwamba mtoto hafunzwi maisha kwa mdomo, afanye kazi ya kweli inayohitaji akili. Watoto wale wakatengeneza mashine za umeme za kutobolea, na kufikia 1934 wakawa wanatengeneza kamera, nakala ya Leica II. Wakaiita FED, herufi za mwanzo za jina la Felix Edmundovich Dzerzhinsky, ambaye kambi yao ilipewa jina lake. Tena Dzerzhinsky mwenyewe ndiye aliyeanzisha polisi wa siri wa Kisovieti, kwa hiyo tusiipambe sana historia hii. Baada ya vita, mwaka 1948, kiwanda cha Krasnogorsk nacho kikaanza kutengeneza kamera ile ile, mwanzoni kwa jina la FED-Zorki. Zorki ya babu ni mjukuu wa zile zilizotengenezwa na watoto wa mitaani.

Na lenzi yenyewe? Jupiter-8 ni nakala ya Sonnar ya Zeiss, kazi ya Ludwig Bertele ya mwanzoni mwa miaka ya thelathini. Vita vilipokwisha 1945 Wasovieti walichukua mitambo na vioo vya Wajerumani kama fidia, na Sonnar ikabadilishwa jina. Vioo sita katika mafungu matatu, tundu lake kubwa ni f/2.

Turudi kabatini. Kuitoa lenzi kwenye Zorki ni kuizungusha tu. Kuifunga kwenye Sony ndiyo kasheshe, unahitaji adapta. Nikaagiza mtandaoni, elfu thelathini na tano na usafiri. Ikafika baada ya mwezi na nusu, bomba refu kama kikombe cha kahawa. Nikafunga kwa furaha, nikawasha, na kamera ikagoma kupiga. Nikahangaika nayo saa nzima. Kumbe kwa kuwa lenzi haina umeme, kamera inadhani haina lenzi kabisa, na kuna mahali kwenye menyu unairuhusu ipige hivyo hivyo. Nikaruhusu. Nikatazama. Ukungu mtupu! Nikazungusha pete huku, nikazungusha huku, ukungu. Nikasogea, nikasogea, mpaka lenzi ilipobaki shubiri moja kutoka kwenye kopo la kahawa ndipo herufi zikaonekana. Kitu chochote kilicho mbali zaidi ya hapo, hakuna.

Mwenzenu nilikaribia kulia. Nikadhani lenzi ya babu imekufa. Usiku nikachukua karatasi nikapiga hesabu, ndipo nikacheka peke yangu mpaka rumeti akaamka. Lenzi ya Zorki inatakiwa ikae milimita 28.8 kutoka kwenye filamu. Zenit za mwanzo, nazo za Kirusi, zilikuwa na hesi ya 39 vile vile lakini lenzi zake zinakaa milimita 45.2, kwa sababu ndani kuna kioo cha kuakisi kinachohitaji nafasi. Muuzaji alikuwa amenitumia adapta ya Zenit. Tofauti ya milimita kumi na sita na ushee tu, na lenzi nzima inakuwa kipofu wa mbali. Adapta sahihi kwa Sony ni jembamba. Kihisi cha Sony kiko milimita 18 nyuma ya mlango wa lenzi, kwa hiyo 28.8 toa 18 unabaki na 10.8. Ni kipete tu.

Kwa hesabu hiyo hiyo mtaelewa kwa nini kamera kubwa za kitaalamu za zamani kidogo, zile zenye kioo ndani, haziwezi kutumia lenzi hizi. Za Canon zinataka milimita 44, za Nikon 46.5. Ili Jupiter ifanye kazi pale ingebidi izame ndani ya tumbo la kamera na kugongana na kile kioo. Ndiyo maana kwa miaka mingi lenzi za renjifainda zilibaki kwa watu wa filamu na matajiri wachache. Epson walitoa renjifainda ya kwanza ya dijitali, R-D1, mwaka 2004. Leica wakafuata na M8 mwaka 2006. Kisha Panasonic G1 ikaja 2008, haina kioo ndani, na Sony wakaingia na NEX mwaka 2010. Kioo kilipoondoka nafasi ikapatikana, na mamilioni ya lenzi zilizolala makabatini zikawa na kazi tena. Leica za dijitali bado zipo. M11 ya 2022 iliingia sokoni kwa zaidi ya dola 8,000. Piga mwenyewe hesabu ni mabumu mangapi.

Sasa nije kwenye ualimu, maana ndiyo hoja yangu ya kwanza.

Kwenye kamera ya kisasa unabonyeza na mashine inaamua. Ukikosea hujui umekosea wapi, ukipatia hujui umepatia wapi. Jupiter haina msaada huo. Fokasi ni mkono wako, tundu ni mkono wako. Picha yangu ya kwanza iliyokaa sawa nilipiga ya thelathini na kitu. Lakini baada ya mwezi nilikuwa najua kwa vidole kwamba kutoka f/2 kwenda f/4 nimebakiza robo ya mwanga, na najua kwa nini. Kipenyo cha tundu kimekuwa nusu, na eneo la duara linafuata mraba wa kipenyo. Kitu hicho nimekisoma tangu kidato cha pili na sikuwahi kukijali. Nikajua pia kwamba kwa f/2, mtu akiwa mita moja, sehemu iliyo kali ni kama sentimita tatu tu. Ukiweka fokasi kwenye pua, macho yanakimbia.

Halafu nikaenda BTP. Nilipangiwa shule moja ya kata mkoani, fizikia kidato cha tatu, darasa la wanafunzi themanini na kitu. Mada ni lenzi. Maabara ina meza na bomba lisilotoa maji. Lenzi hakuna hata moja. Wanafunzi walikuwa wanajua mada, tena vizuri. Ukiwaambia wachore mchoro wa miale wanachora kwa rula, mishale yote ipo, na sifa za taswira wanaziimba kwa Kiingereza kama wimbo wa mchakamchaka. Nikawauliza swali moja lisilokuwepo kwenye madaftari: mkiziba nusu ya lenzi kwa kadi, taswira itakuwaje? Darasa zima likajibu kwa sauti moja: "Itabaki nusu!"

Jibu siyo hilo. Lakini ningewaambia siyo, wangeandika "siyo" na kuimba hiyo pia. Kesho yake nikaja na Jupiter. Tukaziba madirisha kwa khanga mbili, yangu na ya mwalimu wa Kiswahili, tukaacha dirisha moja linaloelekea kwenye mwembe. Nikashika lenzi, nikaifungua tundu lote, nikaweka karatasi nyeupe ya manila sentimita tatu hivi nyuma yake. Mwembe ukatokea pale kwenye karatasi, mdogo kama stempu, rangi zote, majani yanatikisika, umepinduka.

Wadau, sijui niwaelezeje ile kelele. "Madamu, mti umepinduka! Madamu, unacheza!" Walikuja kumi kumi kutazama. Ndipo nikachukua kadi nikaziba nusu ya lenzi. Mwembe ukabaki mzima. Ukafifia tu. Kukawa kimya. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye kwa wiki tatu nilikuwa sijasikia sauti yake, akauliza: "Madamu, kwa hiyo hata ndani ya jicho langu mti umepinduka?" Nikamwambia ndiyo. Akauliza, "Sasa nani anaugeuza?" Nilisomea mada ile usiku kucha na sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo.

Siku ile ndiyo nilimuelewa Makarenko, na nikamuelewa Mwalimu Nyerere na Elimu ya Kujitegemea ya 1967 kuliko nilivyomuelewa kwenye mtihani. Kitu chenye kazi kikiwa mkononi kinauliza maswali kuliko ubao. Yaani lenzi moja ya mwaka 1968, iliyokuwa inaliwa na kuvu kabatini, ilitosha darasa la watu themanini. Ni makabati mangapi nchi hii yana kitu kama hicho, na kila mwaka tunakiuza chuma chakavu au tunawapa watoto wachezee mchangani?

Hiyo ni hoja ya kwanza. Sasa ya pili, na hii inauma.

Novemba iliyopita, msimu wa mahafali, nikapata kazi. Dada mmoja alikuwa anamaliza sheria, akaona picha zangu, akanilipa elfu themanini nimpige siku nzima na familia yake. Wametoka mbali, mama yake amepanda basi kutoka Sumbawanga. Rafiki yangu anayepiga picha hapa chuoni miaka yote akaniambia nikodi lenzi yenye fokasi ya kujiendesha. Angenisaidia hata kupata ya elfu ishirini kwa siku. Nikakataa. Nikaona atanipunguzia hadhi! Nikasema mimi picha zangu zina "ladha". Neno hilo sasa nikilisikia najisikia vibaya.

Asubuhi ilikwenda vizuri, watu wamesimama, wanangoja. Mchana wakatoka ukumbini. Yule dada akamuona mama yake ng'ambo ya umati, akakimbia na joho lake, kofia ikaanguka, wakakumbatiana, mama analia kwa sauti. Mimi niko pale, kamera machoni, nazungusha pete. Watu wanaotembea hawakungoji. Nilipiga fremu kumi na moja. Usiku nikazifungua kwenye kompyuta moja moja. Nguzo iliyo nyuma yao ilikuwa kali kabisa, unaweza kuhesabu nyufa za rangi. Mama na mwanaye wote ukungu.

Nilirudisha hela yote. Nikaenda mwenyewe, sikutuma kwa simu. Dada yule hakunigombeza, ambacho kilikuwa kibaya zaidi. Alisema tu, "Mama huwa hasafiri." Siku ile ilikuwa yake, siyo ya kuonyesha ladha yangu. Nilichukua furaha ya watu nikaifanyia mazoezi.

Ndiyo maana nasema mfanyakazi mbaya. Na matatizo yake hayaishii kwenye fokasi. Jua likikupiga usoni Jupiter inamwaga mwanga picha nzima, rangi zinapauka. Wengine wanaipenda hiyo, sawa, lakini mteja hajaiomba. Haisogei karibu zaidi ya mita moja. Kwenye kihisi cha kamera kama yangu, ambacho ni kidogo kuliko fremu ya filamu, lenzi ya 50 inaona kama ya 75. Ni tamu kwa sura za watu, lakini ndani ya chumba cha hosteli unamaliza ukuta wa kurudi nyuma. Lenzi pana za renjifainda zina lao: zinakaa karibu sana na kihisi, mwanga unafika kingo kwa upande, na kioo kinachofunika kihisi kinauchafua. Kona zinakuwa ukungu, mara nyingine zina rangi ya zambarau. Jupiter-12, ya milimita 35, kioo chake cha nyuma kimetokeza kama jicho la chura, na kwenye baadhi ya kamera kinaweza kugusa vitu vya ndani. Wauzaji wa mtandaoni hawakwambii haya. Wao wanakwambia "maajabu ya Urusi".

Maajabu hakuna. Picha zangu ambazo yule binti alizipenda ni nzuri kwa sababu nilikaa. Lenzi hii ilinilazimisha kukaa. Ukikaa na lenzi ya kawaida inayokuja na kamera, ukaizima fokasi ya kujiendesha, ukazungusha mwenyewe kwa mwezi, utapata sehemu kubwa ya somo hilo bila kutoa hata senti. Kwa hiyo mdogo wangu, sikukunyima. Kula kwanza. Kisha ukienda likizo uliza nyumbani. Uliza kwa babu, kwa shangazi, kwa jirani aliyewahi kuwa na studio. Ukikuta kamera, mulika lenzi kwa tochi. Ukiona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu, na pwani yetu hii yenye unyevu inaipenda sana. Usifungue mwenyewe kwa bisibisi ya kukaangia simu. Yangu nilimpelekea mzee mmoja fundi Kariakoo, akasafisha, akabadilisha grisi iliyoganda kama gundi, akanitoza elfu kumi na tano na nasaha za bure. Ukungu kidogo ulibaki kwenye kioo cha ndani. Alisema huo tuuache, tukiulazimisha tutaharibu.

Na huo ukungu ndio unaonifikisha kwenye jambo la mwisho.

Krismasi nilikwenda Tanga. Bibi sasa haoni vizuri, ana mtoto wa jicho macho yote mawili, anaogopa upasuaji. Kuna picha moja ya babu aliyompiga bibi mwaka 1972, kwa lenzi hii hii, amekaa kizingitini anachambua mchele, anamcheka mpigaji. Nikamwomba akae pale pale. "Bibi, nikupige kwa kamera ya babu." Akavaa khanga mpya kwanza, nikasubiri nusu saa.

Jupiter haikuruhusu kupiga haraka. Nikafungua f/2, nikakuza kile kidirisha nione kope zake, nikaanza kutafuta jicho taratibu. Ndipo nikagundua kwamba sikumbuki lini mara ya mwisho nilimtazama bibi yangu usoni kwa muda wote huo. Akauliza mbona nachelewa. Nikamwambia, bibi vumilia, lenzi ina ukungu ndani kidogo. Akacheka. "Hata zangu zina ukungu mjukuu wangu. Yako fundi ameifungua?" Nikamwambia ndiyo, ameisafisha. Akanyamaza. Kisha akasema, "Na haikuharibika?"

Nikamwambia haikuharibika, bibi.

Picha ile ninayo ila sitaiweka hapa, ni ya nyumbani. Mwezi uliofuata mama akapiga simu kwamba bibi amekubali kupelekwa kuonwa macho. Sisemi ni kwa sababu ya lenzi, huenda walishamchosha kwa kumsihi. Nawaambia tu ilivyokuwa.

Basi wadau, hayo ndiyo yangu. Najua kuna wapiga picha humu mtakaosema nimedharau kazi zenu za lenzi za zamani, njooni, uwanja ni wenu. Na nyie wa fizikia, nani anaugeuza ule mwembe? Yule kijana bado namdai jibu, na nimeahidi kumwandikia.

Mimi naenda kula maharage kabla hayajaisha. Kesho kutwa ni testi ya saikolojia. Tuonane panapo majaliwa.